Maradhi Yasiyo na Umoja: Maumivu Sugu, Usono na Usomaji Mwingine wa Utendi wa Mwana Kupona

Ikisiri

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umehakikiwa kwa muda mrefu kama waraka wa wajibu wa mke kwa mumewe. Makala haya yanausoma kama kazi ya mtu aliyeishi na maradhi ya muda mrefu na kutafuta nafuu. Yanaanza na sarufi na msamiati wa maumivu katika Kiswahili, na yanadai kwamba lugha hii ina nafasi ya maradhi yasiyopona wala kuua. Uhakiki wetu umezoea ugonjwa wenye jina moja na mwisho mmoja, na kwa hiyo haujaitumia nafasi hiyo ipasavyo.

Ugonjwa na maradhi

Neno ugonjwa lina umoja na wingi: ugonjwa mmoja, magonjwa mawili. Neno maradhi halina umoja. Katika Kiarabu lilikotoka lilikuwa nomino ya umoja, lakini Waswahili waliposikia silabi ma- mwanzoni mwake walilipeleka katika ngeli ya YA-YA, na huko limebaki: maradhi haya, maradhi yale, maradhi yamemshika. Ukilivua hiyo ma- hupati ugonjwa mmoja, unapata radhi, neno la asili nyingine kabisa lenye maana ya ridhaa na baraka. Maumivu nayo yamo katika ngeli hiyo hiyo na hayahesabiki. Hakuna asemaye kwamba ana umivu moja la mgongo na jingine la tumbo. Ana maumivu ya mgongo na ya tumbo, na yakizidi hata mpaka kati ya mgongo na tumbo usijulikane, ana maumivu ya mwili.

Tofauti hii ingebaki kuwa jambo la darasa la mofolojia kama isingekuwa na watu ndani yake. Tiba ya hospitali imejengwa juu ya ugonjwa: jina moja, kiungo kimoja, idara moja. Mwanamke mwenye kipandauso, tumbo linalomnyonga siku za hedhi na siku zisizo za hedhi, kiuno kisichonyooka asubuhi na uchovu usioondolewa na usingizi, hupelekwa milango minne, na katika kila mlango huulizwa habari za robo ya mwili wake. Utabibu wenyewe umeanza kuuona upungufu huo. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, linayatambua maumivu yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3 kuwa yanaweza kuwa ugonjwa wenyewe, wala si dalili tu ya ugonjwa mwingine. Nchini Marekani taasisi za taifa za afya zimeyaweka katika kundi moja magonjwa 10 ya maumivu, yakiwamo kipandauso, fibromayalgia, maumivu ya taya, ya kibofu, ya utumbo na ya kiuno, kwa sababu humkuta mtu yule yule mara nyingi kuliko inavyoweza kuelezwa kwa sadfa.

Kisa cha fibromayalgia kinamhusu mhakiki wa fasihi moja kwa moja. Kigezo cha mwaka 1990 kilimtaka daktari abonyeze nukta 18 mwilini, na mgonjwa aumie katika 11 kati ya hizo. Kigezo cha mwaka 2010 kiliziacha nukta. Badala yake mgonjwa huulizwa ni sehemu zipi, kati ya 19, zilizomuuma katika wiki iliyopita, huamka vipi, kumbukumbu yake ikoje, uchovu wake ni wa kiasi gani. Kidole cha daktari kimetoka, simulizi imeingia. Kupata au kukosa tiba sasa kunategemea namna mtu anavyosimulia mwili wake na namna anavyosikilizwa, na kusikiliza simulizi ndiyo kazi tunayodai kuwa nayo.

Sarufi ya kuumwa

Virginia Woolf, katika insha yake ya mwaka 1926 kuhusu kuugua, alilalamika kwamba Kiingereza kina maneno ya kueleza huzuni za mashujaa wa tamthilia lakini kinamwishia mtu anayetaka kueleza kichwa kinavyouma. Elaine Scarry (1985) alikwenda mbali zaidi: kwake, maumivu makali huivunja lugha na kumrudisha mtu kwenye vilio vya kabla ya lugha. Madai haya, hasa ya Scarry, yamerudiwa katika tasnifu nyingi kana kwamba yalithibitishwa kwa lugha zote. Kiswahili hakiyaitikii kwa urahisi. Kichwa huwanga au hugonga. Tumbo hukata, hunyonga, husokota. Jipu hupwita, kidonda huchonyota, mbavu huchoma, na kutokana na kuchoma huko ikapatikana nomino kichomi. Kipandauso ni sentensi nzima iliyobanwa ikawa jina: kitu kipandacho usoni. Ronald Melzack, alipotunga hojaji yake maarufu ya maumivu mwaka 1975, alikusanya maneno 78 katika makundi 20, na mengi yalikuwa maneno ya sifa. Katika Kiswahili mzigo huo umebebwa na vitenzi, na kitenzi, tofauti na kivumishi, kina wakati, kina mtenda na kina mtendwa.

Nani basi mtenda? Tukisema kichwa kinaniuma, mgongo unaniuma, miguu inaniuma, kiungo ndicho kiima na mwenye kiungo ni yambwa. Mtu anaumwa na vitu vyake mwenyewe, na kila kimoja kinamjia na kiambishi cha ngeli yake: ki-, u-, i-, li-. Mwenye maumivu mengi kwa pamoja hulazimishwa na upatanisho wa kisarufi kuorodhesha, na orodha hiyo ndiyo inayomponza mbele ya msikilizaji asiye na subira. Anayetaja kiungo kimoja huaminiwa. Akitaja vitano hudhaniwa kuwa ana kisa kingine.

Lakini lugha ina njia ya kutoka. Katika Kiswahili cha Tanzania mtu husema tu naumwa. Kauli ya kutendwa imemwondoa mtenda na hakuna anayedai atajwe: nimeumwa na nini, na wapi, ni habari ya baadaye. Lahaja za pwani zina siwezi, ambayo haitaji maumivu wala kiungo, inataja tu kwamba uwezo umekoma. Kinyume chake, sijambo, nacho ni kikanushi: sina jambo. Mzima ni asiye na jambo, mgonjwa ni asiyeweza, na kati ya vikanushi hivyo viwili anakaa mtu ambaye kila asubuhi hujibu sijambo kwa ulimi huku mwili wake ukisema siwezi. Salamu haina jibu la tatu, au kwa usahihi zaidi, jibu la tatu lipo lakini halitolewi na mgonjwa. Hutolewa na anayemuuguza: hajambo kidogo.

Istilahi rasmi tuliyoichagua, maumivu sugu, ina kasoro ambayo sijaona ikijadiliwa. Sugu kwa asili ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa: ya kiganja cha mkulima, ya paji la uso la mwenye kusujudu. Ni mahali ambapo mwili umeacha kuhisi. Maumivu yanayodumu hufanya kinyume chake katika watu wengi, maana mfumo wa neva huzidi kuwa mwepesi wa kuhisi hata mguso wa nguo ukawa mzito. Tumeuita kwa jina la ganzi mwili unaohisi kupita kiasi. Sidai neno libadilishwe, kwa kuwa limekwishazoeleka. Nadai tu kwamba linamfundisha msikilizaji kutarajia mtu aliyezoea, na mtu huyo hajazoea.

Neno la zamani mshipa lina bahati nzuri zaidi. Katika matumizi ya watu wa kawaida limetaja njia ya damu, neva, ngiri, na pia maumivu yanayosafiri kutoka kiuno hadi paja au kutoka shingo hadi kichwa. Daktari husema neno hilo halina maana moja. Ni kweli, na hapo ndipo faida yake ilipo, kwa kuwa linashika mwendo wa maumivu kati ya viungo bila kumlazimisha mgonjwa kuchagua mlango mmoja.

Tena kuna salamu ya ugua pole. Kitenzi kiko katika hali ya kuamuru, na kinachoamriwa ni kuugua. Anayesalimu hamwombi mgonjwa apone. Anamtakia ugonjwa wa upole. Arthur Frank (1995) alizigawa simulizi za wagonjwa katika aina tatu: ya kurejeshewa afya, ya vurugu isiyo na mpangilio, na ya safari yenye kumpa mgonjwa maarifa. Uainishaji huo umetufaa, lakini nafuu haina makao humo. Nafuu haimrejeshi mtu kwenye afya, wala si vurugu, na si lazima imfunze lolote. Ni kipande cha muda ambamo kinachouma kimepungua.

Ugonjwa wenye funzo

Kama lugha ina nafasi hii, kwa nini fasihi andishi ya Kiswahili imeitumia kidogo? Sehemu ya jibu imo katika methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii inajua miisho miwili tu, kufichuliwa na kufa. Sehemu nyingine imo katika kazi tulizozisomesha shuleni. Tamthilia za UKIMWI kama Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation na Orodha ya Steve Reynolds zilikuwa na dharura ya haki: watu walikuwa wakifa, na kimya kilikuwa kikiwaua. Ugonjwa humo una jina moja, njia ya kuambukiza inayojulikana na mwisho unaojulikana, na mwili unaougua umewekwa jukwaani ili wazima wajifunze. Katika Orodha maana ya maradhi ya Furaha inasomwa hadharani baada ya kufa kwake, na wanaoisikiliza ni wale waliobaki. Ua la Faraja ya William Mkufya (2004) ni pana zaidi, na riwaya hiyo inajua kukaa kitandani pamoja na mgonjwa, hata kichwa chake kimechagua neno faraja badala ya tiba. Hata hivyo kizazi cha wahakiki kilichokomaa kwa kazi hizi kilijifunza kuuliza swali moja mbele ya kila mhusika anayeumwa: ugonjwa huu unawakilisha nini? Ukoloni mamboleo, mmomonyoko wa maadili, mfumo dume. Mhusika mwenye maumivu yasiyowakilisha kitu tulimpita.

Wino, karatasi na hirizi

Mwana Kupona binti Mshamu tulimpita kwa namna hiyo hiyo, ingawa sababu ilikuwa tofauti. Alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, mtawala aliyepambana na Seyyid Said wa Unguja. Mume alipokwisha kufariki na yeye akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa beti 102. Toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 liliupa kichwa cha nasaha za wajibu wa mke, na kichwa hicho kikawa miwani ya wasomaji waliofuata. Wengine waliusifu kwa adabu, wengine wakaushutumu kwa kumtumikisha mwanamke. Ann Biersteker (1991) aliupindua mjadala kwa kuonyesha kwamba nasaha zile zinaweza kubeba kejeli na mbinu za mamlaka ya mwanamke chini ya sura ya utii. Ni usomaji wenye nguvu, na sina haja ya kuupinga. Lakini pande zote za mjadala zinaanza kusoma pale wajibu wa mke unapoanza. Utendi hauanzii hapo.

Unaanza na mama anayemwita bintiye asogee. Anamweleza kwamba maradhi yamemshika muda wa mwaka mzima na hakuwahi kupata nafasi ya kumwambia neno la maana. Kisha anamwagiza alete wino na karatasi, akae karibu, aanze kuandika kwa jina la Mungu. Mambo matatu yamewekwa hapa kabla ya nasaha yoyote, na yote yanahusu mwili. Kuna muda uliohesabiwa. Kuna usemi uliozuiwa na muda huo. Na kuna mkono wa mtu mwingine, maana katika tukio lenyewe anayesema si anayeshika kalamu. Mapokeo yanasimulia kwamba ugonjwa wake ulikuwa wa kizazi wenye kutoka damu. Makala haya hayatafuti kumpa jina la kliniki. Hatuwezi kumpima, na utendi wenyewe hauelezi maumivu kwa urefu. Unachotaja ni maradhi, katika ngeli ile isiyo na umoja, na unayataja kwa wakati timilifu: yalikwishafika, na yangali yapo.

Tukikubali kwamba hii ndiyo hali ya usemaji katika kazi nzima, umbo lake linaanza kusomeka upya. Utendi hutungwa kwa vipande vya mizani 8, vinne kwa kila ubeti. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne hubeba bahari inayorudi hadi mwisho. Wanazuoni wameueleza muundo huu kwa ghani na kwa kukariri, na wana haki. Mtu anayesema kwa kupumzika ataona pia kwamba ubeti unaweza kukomea popote pumzi inapokomea, na ukirudi baada ya saa moja au siku mbili bahari inakungoja palepale ulipoiacha. Sina ushahidi kwamba alitunga kwa vituo hivyo. Naona tu kwamba umbo hili halimdai msemaji zaidi ya mizani 8 kwa mara moja.

Halafu yaja hirizi. Karibu na mwanzo, kabla ya amri yoyote, mama anamwambia bintiye apokee hirizi, aifunge vizuri kwa uzi na kuithamini. Kisha anamwahidi kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Wahakiki wameziona taswira hizi kama mapambo ya kawaida ya tenzi za wasia: maneno ni vito, maneno ni kinga. Lakini msomaji wa Pate au Lamu wa karne ya 19 aliijua hirizi kama chombo cha tiba. Mtu mwenye maradhi marefu katika pwani ile alikuwa na mlolongo wa kupita: mitishamba, mafusho, kuumikwa kwa chuku, kunywa kombe lililooshwa kutoka aya zilizoandikwa sahanini, na hirizi ya kuvaa. Wenye maumivu ya miaka mingi leo wataitambua ratiba hiyo kwa moyo wake hata kama vituo vimebadilika, vidonge vikaja mahali pa mafusho na mashine za picha mahali pa bao. Mwana Kupona, ambaye kwa hali yake alipaswa kuwa mvaaji wa hirizi, anajitokeza kama mfungaji wake. Mgonjwa anamwagulia mzima. Sioni fumbo hapa. Naona kazi ambayo mtu asiyeweza kufanya nyingine bado anaweza kuifanya: kuandikisha maneno, kuyakunja, kuyatia uzi.

Kiini cha nasaha ni fundisho la radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Hapa uhakiki wa kijinsia umekaa kwa muda mrefu, na mahali penyewe panastahili kukaliwa. Ninachoongeza ni neno moja linaloruka machoni tukija kutoka upande wa maradhi. Mwenye radhi hizo, anasema mtunzi, atapata usono duniani na akhera. Usono ni neno la lahaja za kaskazini lenye maana ya raha na pumziko. Halisemi pepo peke yake, halisemi thawabu. Kwa mtu ambaye mwaka mzima hakupata wasaa wa kusema neno, pumziko si malipo ya mbali. Na tuone ukaribu wa sauti: utendi unaofunguliwa kwa maradhi unajengwa juu ya radhi. Kietimolojia maneno haya hayana udugu, kama nilivyokwisha kusema, lakini sikio la mshairi halifungwi na etimolojia. Kinachobaki maradhi yakivuliwa silabi yake ya kwanza ndicho anachomtakia mwanawe.

Beti za kumhudumia mume nazo zina jambo ambalo ukali wa mjadala umelificha. Asiamshwe akilala, kusiwe na kelele, apapaswe, apepewe, aandaliwe chakula akiamka, asingwe na kuoshwa mwili. Tukiziondoa beti hizi katika ndoa kwa dakika moja na kuzisoma kama orodha ya vitendo, ni orodha ya uuguzi. Mume wa utendi si mgonjwa. Mgonjwa ni anayeandikisha. Anazijua thamani ya chumba kisicho na kelele na thamani ya upepo unaopungwa na mkono wa mtu, na anazijua kwa upande wa anayelala. Usomaji huu haufuti ukweli kwamba huduma yote inaelekezwa kwa mwanamume na kwamba hakuna ubeti unaomwagiza mume ampapase mkewe. Kwa maoni yangu unaufanya ukweli huo kuwa mkali zaidi: mtu mwenye kuhitaji uuguzi anaueleza kwa ufasaha wote alionao, na lugha ya wasia aliyoirithi inamruhusu kuueleza kwa kumpa mwingine tu.

Inafaa hapa kuulinganisha kwa ufupi na Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambayo Mulokozi (1999) ameiweka pamoja nao katika Tenzi Tatu za Kale. Katika Al-Inkishafi mwili ni hoja: unaoza ili moyo uonywe, kama kumbi za Pate zilivyoachwa kwa popo na wadudu. Mwili wa Mwana Kupona hauonyi mtu. Hakuna ubeti unaosema kwamba aliugua kwa dhambi au kwamba ugonjwa wake ni mfano wa ubatili wa dunia. Umetajwa kwa sababu upo, na kwa sababu bila kuutaja bintiye asingeelewa kwa nini maneno haya yamechelewa mwaka mzima.

Dua

Theluthi ya mwisho ya utendi imetawaliwa na dua, na ndiyo iliyosomwa kidogo kuliko zote. Katika semina nyingi huachwa kama hitimisho la desturi, kwa hoja kwamba kila utendi wa kale hufungwa kwa kumwomba Mungu. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu tanzu na haielezi kitu kuhusu urefu. Dua ya kufungia haihitaji beti nyingi kiasi hiki. Mama anawaombea watoto wake, ndugu zake na Waislamu, na kati ya maombi hayo anajiombea mwenyewe aondolewe maradhi na apewe afya. Anaomba hayo baada ya kuwa amekwisha kusimulia maisha yake na mumewe, furaha yao, na namna mume alivyokufa akiwa ameridhika naye. Kwa mpangilio huo, radhi ya tano alikwishaipata. Kama radhi tano zingetosha kuleta usono, asingekuwa na haja ya kuomba zaidi. Lakini anaomba, tena kwa urefu.

Hapa nadhani utendi unafanya jambo ambalo nasaha zake haziwezi kulifanya. Mafunzo yote yameahidi kwamba mwenendo mwema huleta raha. Mwili wa mwenye kufundisha, uliotajwa mwanzoni na kutajwa tena mwishoni, unasimama kama ushahidi kwamba ahadi hiyo, kwa upande wa duniani, haikutimia hivyo. Wala hakuna malalamiko. Hakuna kuuliza kwa nini. Kejeli aliyoiona Biersteker katika beti za mume siioni katika dua, na kama ipo basi ni ya mwili na si ya maneno. Tusome nini basi? Kwa mtazamo wa simulizi za kurejeshewa afya, dua hii ni ombi la kupona ambalo hatujui kama lilijibiwa, kwa hiyo simulizi imekatika. Kwa mtazamo wa funzo, ni subira. Nadhani zote mbili zinaifunga mapema. Kilichomo ni vitendo vinavyofuatana bila kutanguana: kuomba afya, kuwaombea wengine, kurudi tena kuomba. Mwenye maumivu ya miaka huijua mantiki hiyo, ya kutafuta dawa kwa moyo wote leo na kupanga maisha ya kesho kana kwamba dawa haitapatikana. Wanaomtazama huona mgongano na kumwuliza kama kweli anataka kupona.

Hata jina lake limo katika mantiki hiyo. Kupona ni kitenzi kilichofanywa jina la mtu, na hubeba maana mbili, kutoka katika ugonjwa na kunusurika hatarini. Aliitwa hivyo tangu utoto, muda mrefu kabla ya mwaka ule wa maradhi, na kila aliyemwita alikuwa akilitaja jambo ambalo baadaye lilimpasa kuliomba.

Mwishoni mtunzi anafanya kama walivyofanya watunzi wa tenzi: anataja idadi ya beti, anataja mwaka, 1275 Hijiria, na anawaalika wanawake wausome. Amehesabu beti na amehesabu mwaka. Maradhi, ambayo mwanzoni yalikuwa na muda wa mwaka mmoja, hayahesabiwi tena na hayafungwi tarehe. Wanawake wa Lamu waliitikia mwaliko huo wakaukariri, na utendi ukapita midomoni mwao kwa vizazi kadhaa. Kila mmoja wao alipofika kwenye dua, awe mzima au hajiwezi, alilazimika kuomba afya kwa nafsi ya kwanza.